Nilivyofiwa na Baba Aliye Hai

Jumatatu, 3 Desemba

Mwisho wa kutuma maombi chuo cha Aldenbrook, Marekani, ni mwaka mpya. Mtihani wao nimeshafanya, alama nzuri. Matokeo yangu ya sekondari ni A tupu, isipokuwa ile B ambayo sipendi kuizungumzia. Imebaki insha. Maneno mia sita na hamsini kuwaeleza mimi ni nani.

Mimi ni karani katika ofisi ya mkuu wa shule ile ile niliyosoma. Nagonga mihuri. Naogopa mbwa, radi na mhasibu. Hapo maneno yamekwisha.

Mkuu alipokwenda kula nikasoma kwenye kompyuta yake. Katika waombaji mia, Aldenbrook huchukua wanne. Humo wamo Wamarekani wenyewe, na watoto wa waliosoma pale, na wakimbiaji, na wapiga makasia. Kwa sisi wa nje tunaoomba na kulipiwa ada, hesabu haikuandikwa kabisa. Ukurasa ulisema tu tusivunjike moyo. Nikavunjika moyo papo hapo.

Halafu yupo Araba Quansah. Tulimaliza darasa moja. Sasa anasaidia maktaba hapa hapa shuleni, na anaomba chuo kile kile! Kila mtu hapa mjini Cape Coast anajua kwamba Wamarekani hawachukui wawili kutoka mji mmoja. Nani alisema, sijui. Lakini kila mtu anajua.

Jumatano, 5 Desemba

Nimesoma insha za waliopokelewa miaka iliyopita. Wote wameteseka. Mmoja alikimbia vita. Mmoja alipoteza mguu. Mmoja alifiwa na baba akalea wadogo zake wanne.

Nikakagua maisha yangu. Aibu tupu. Baba yu hai. Alikuwa mtunza ghala la kakao, amestaafu, anakula vizuri na kupiga mluzi siku nzima. Mama anauza vitenge, na vinanunulika. Mwaka huu hata malaria sijaugua.

Dhiki niliyoipata ni moja. Baba alimsomesha mpwa wake, Ato, mpaka chuo kikuu, kwa sababu Ato ni wa ukoo wake, mtoto wa dada yake. Mimi aliyenizaa mwenyewe ni wa ukoo wa Mama, maana kwetu ukoo hufuata mama. Nilisomeshwa kwa kilichobaki. Lakini hilo ni la kila nyumba hapa kwetu. Mmarekani hawezi kulililia.

Nimemchimba Araba kwa ujanja. Nikamwuliza kama anayeuliza saa: Ameandika nini kwenye insha? Akasema ameandika jinsi wasichana wanavyonyolewa nywele siku ya kwanza ya sekondari, na kinyozi aliyekuwa akizikusanya sakafuni.

Nywele! Nimekwenda nyumbani nikitabasamu.

Ijumaa, 7 Desemba

Nimemwua Baba.

Sentensi ya kwanza: "Baba yangu alifariki mwezi wa Oktoba akiwa ameshika mkono wangu." Ya pili nimesahau, lakini nilipoiandika nililia. Tangu hapo mimi ndiye ninayeibeba nyumba. Nafanya kazi mchana, nasoma kwa mwanga wa mshumaa (umeme tunao, nimeuzima kwenye insha). Nimeisoma mara nyingi. Inauma vizuri.

Nilipokuwa naandika, Baba akapita mlangoni na mluzi wake, akauliza kama nataka chungwa. Nikafunika karatasi kwa kiwiko. Nikala chungwa.

Nimejipa moyo. Massachusetts, chuo kilipo, ni mbali. Hakuna mtu kule anayemjua Kobina Baidoo wa ghala la kakao. Sijamdhuru yeyote. Baba ana afya kuliko mimi.

Hata hivyo nimelala na taa ikiwaka.

Jumatatu, 10 Desemba

Balaa!

Bwana Ackon, mkuu wa shule, ndiye anayeniandikia barua ya kunisifu. Leo akasema hatii saini kabla ya kusoma insha, yeye si mtu wa kusifu gizani. Ningesema nimeisahau nyumbani. Ningesema mvua imeilowesha, ingawa ni Desemba na hewa yote ni vumbi. Nikampa. Mkono wangu ulimpa, mimi nikiutazama.

Alisoma. Akavua miwani. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ofisini, "Ekow, mwanangu, tangu Oktoba? Na sisi unatugongea mihuri tu, hutuambii?"

Nilisema sikutaka kuwasumbua.

Bwana Ackon ni mwenyekiti wa kamati ya misiba ya wafanyakazi. Hakosi msiba. Akauliza kama maiti ingali mochwari. Nikatikisa kichwa kukubali, maana hapa kwetu mtu hukaa mochwari hata miezi mitatu ndugu wakijipanga. Kwa hiyo sasa nimemtia Baba kwenye barafu. Akauliza msiba uko wapi. Hapo akili ikafanya kazi: nikasema uko kijijini kwa ukoo wa Baba, Kwansakrom. Ni mbali, barabara ni mashimo matupu. Nani atakwenda?

Akaiandika barua pale pale, akifuta macho. Ni barua nzuri mno. Imesema nimeubeba msiba kimya kama mtu mzima. Nimeituma pamoja na insha. Aldenbrook wamejibu kwamba wamepokea.

Wanne katika mia. Leo nahisi mimi ni wa tano, na mmoja wa mbele anakohoa.

Alhamisi, 13 Desemba

Wanakwenda! Wote! Jumamosi, kwa basi la shule!

Bwana Ackon ametangaza kwenye kikao cha walimu. Maji ya chupa yamenunuliwa, na soda, na viroba vya mchele. Nimesema barabara ni mbaya. Dereva akasema amewahi kuendesha kwenye mbaya zaidi, tena na timu ya mpira inayotapika. Nimesema watu wa ukoo wa Baba hawapendi wageni. Mwalimu wa Kifaransa akanipiga bega: "Kaka, wewe umefiwa. Kaa ufarijiwe."

Nilitaka kusema ukweli. Nilifika mpaka mlangoni kwa mkuu. Ndani alikuwa akiiambia simu kwamba hajawahi kuona kijana jasiri kama mimi. Nikarudi kwenye mihuri.

Jumamosi, 15 Desemba

Naandika nikiwa bado na vumbi la Kwansakrom.

Asubuhi Baba aliniona nimevaa nyeusi na kitambaa chekundu kichwani. Akauliza nani amekufa. Nikasema ni ndugu wa mwalimu mmoja. Akaingia ndani, akarudi na leso yake safi. "Chukua. Nakujua, wewe hulia hata kwa watu usiowajua."

Nilikalishwa kiti cha mbele. Araba akaja kukaa karibu nami. Tulipoiacha lami, akaniambia kwamba baba yake alikufa yeye akiwa darasa la tatu. Miaka yote hii sikujua! Akasema mpaka leo akisikia mtu anaburuza kandambili uani, hugeuka.

Nikamwuliza polepole kama hayo ameyaweka kwenye insha.

Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue nguo. "Hayo ni yangu, Ekow. Siwezi kuwapa watu wayapigie kura."

Ameiacha! Baba aliyekufa kweli, na anaandika nywele! Kwa muda mfupi nilisahau hofu yangu kwa hasira ya uharibifu ule.

Tulifika. Walimu wa kike walianza kilio wakiwa bado ngazini mwa basi. Nana Eduful, mkuu wa ukoo wa Baba, alikuwa amekaa barazani na fulana, anakula kenke, donge la mahindi, na samaki. Bwana Ackon akamwinamia, akasema tumekuja kuhani msiba wa Kobina Baidoo.

Samaki alianguka.

"Kobina yupi? Kobina wangu? Amekufa lini?"

"Oktoba, Nana," akasema Bwana Ackon, na mimi nikatazama viatu.

Kijiji kizima kilijaa sauti. Bibi mmoja aliyemlea Baba alikaa chini mavumbini akajimwagia mchanga kichwani. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kila nilipofungua mdomo, mtu alinikumbatia.

Nana Eduful hakunikumbatia. Alinisogelea akaniuliza, tangu lini mtoto wa nje ya ukoo akampeleka mtu wetu mochwari bila kutuita? "Wewe ni wa kwa mama yako. Huyu alikuwa wetu. Hata kumlilia ungesubiri tuanze sisi!" Kisha akachukua simu, akampigia Ato, anayekaa mjini Cape Coast. Nilisikia kila neno. Akamwambia mjomba wako amefariki, mrithi ni wewe, nenda ukafunge vyumba sasa hivi, kabla watu wa mke hawajatoa vitu.

Nilikimbia nyuma ya nyumba kumpigia Baba. Simu haikushika mtandao. Nikasema tumbo linauma. Walimu wakasema ni uchungu wa msiba, wakanipa soda.

Jumapili, 16 Desemba

Ya jana nimeyapata kwa Mama, ambaye ameyasimulia akiutazama ukuta.

Baba alikuwa uani anamenya machungwa. Ato akaingia na vijana wawili na gari la mizigo nje. Kwa mazoea akasema, "Shikamoo Mjomba," akapita, akaenda moja kwa moja chumbani, akaanza kulijaribu kufuli mlangoni. Kufuli jipya, karatasi yake bado imebandikwa. Ndipo akaganda. Akageuka.

"Mjomba. Wamesema umekufa."

Baba akauliza nani kasema. Ato akasema Nana Eduful, kwa habari ya Ekow.

Baba akakitua kisu. "Wamekuambia mimi nimekufa, ukapita dukani kwanza."

Ato akaanza kueleza kuhusu desturi, kuhusu usalama wa vitu, kuhusu vijana wa siku hizi. Baba hakumsikiliza. Akaunyosha mkono, akaomba kufuli, akapewa. Ato akaondoka na gari tupu.

Nilipofika nilimkuta ameketi pale pale, kufuli mapajani, machungwa yamekauka. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, kuanzia Aldenbrook. Sikuruka kitu ila mshumaa. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Nilikufaje?"

Nikamwambia, "Ukiwa umeshika mkono wangu."

Akafikiri. Akasema, "Angalau hilo."

Hajapiga mluzi tangu jana.

Jumatatu, 17 Desemba

Bwana Ackon aliniita ofisini, akafunga mlango. Nana Eduful alikuwa ameshampigia. Amenitukana kwa Kiingereza, kisha kwa Kifante, kisha akakosa lugha. Mchele, maji, mafuta ya basi, mwalimu wa muziki aliyeimba mpaka sauti ikakatika! Akasema leo leo anaiandikia Aldenbrook kuifuta barua yake.

Nililia. Safari hii bila kujilazimisha. Nikamwambia ndiyo nafasi yangu pekee, na kwamba mtu hawi karani milele kwa kupenda.

Hakunihurumia. Ila alichukua kalamu, akaandika "Waheshimiwa," akasita. Akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, atawaelezaje kwamba alikwenda na shule nzima kumlilia mtu anayemenya machungwa. Bodi ya shule ikisikia? Magazeti je? Akaichana karatasi.

Barua haifutwi! Nimehamishiwa ghala la madawati mabovu, na nisionekane mbele ya wageni. Lakini barua haifutwi. Najua napaswa kuona aibu. Nimeona aibu. Na chini ya aibu nimeona furaha, ikiwa imejikunyata kama mimi.

Jumamosi, 22 Desemba

Siku ya wazee wa ukoo wa Baba kunitoza faini kwa kumtamkia mtu hai kifo. Kondoo mmoja na chupa mbili za pombe ya jini, ili Baba asafishwe. Mshahara wangu umegeuka kondoo. Alikuwa kondoo mzuri, alinitazama kwa upole njia nzima, mimi pekee nikijua tunakwenda wapi.

Wazee wote walikuja nyumbani. Nana Eduful alisema uongo ameusamehe, vijana husema uongo. Ambalo hawezi kulisamehe ni kuvunja utaratibu. "Hata kama ni uongo, ungeuleta kwetu kwanza!" Wazee wakaitikia. Ato alikaa mwisho wa benchi, akiyatazama mazulia.

Walimchinja kondoo. Wakamwosha Baba miguu. Nana Eduful akamimina ile pombe chini, akiwaeleza waliotangulia kwamba Kobina hajaja, wasimtengee kiti. Baba alipewa glasi anywe kidogo. Ikamponyoka.

Tulidhani ni hasira. Mama akainama kuokota vipande. Akainua uso, akapiga yowe.

Mdomo wa Baba ulikuwa umekwenda upande.

Ijumaa, 28 Desemba

Hospitali. Kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havimsikii. Maneno yanatoka nusu.

Daktari amesema presha ilikuwa juu muda mrefu, pengine miaka. Nilimwomba arudie kwa sauti ili Mama asikie. Mama hakugeuka. Wodi nzima inajua mimi ni nani. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee asiye na meno, aliniuliza, "Ndiye wewe uliyemtangaza?" Nikasema mimi ni binamu.

Ato alifika mpaka mlangoni, akaweka mkoba wa matunda chini, akaondoka bila kuingia. Baba alimwona. Akafumba macho.

Aldenbrook wameandika: maombi yangu yamekamilika, nisubiri Machi. Niliisoma barua ile nikiwa nimeushika mkono wa Baba, ule usiohisi. Nilitaka kumsomea. Nikaona si wakati wake.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekataliwa.

Nilifungua ghalani, juu ya dawati lisilo na mguu. Waombaji mwaka huu walikuwa wengi na wenye vipaji kupita kiasi. Wanasikitika. Wananitakia heri kokote niendako. Nikaisoma tena, nikitafuta Baba. Hayumo. Nimewapa baba mzima, na hawakunipa hata pole!

Araba amepokelewa. Ada yote, chakula chote, hata tiketi ya ndege. Kwa nywele!

Hakuniambia yeye. Nilipofika nyumbani nilimkuta uani, amekuja kumsalimu Baba, anamkata kucha za mkono ule uliolala. Anakuja kila wiki, nilikuwa sijui. Mama ndiye aliyenong'ona habari. Nilimpongeza Araba kwa sauti ya kawaida kabisa. Akasema, "Pole, Ekow. Nilitaka twende wote."

Nadhani alimaanisha. Hilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 30 Machi

Asubuhi nilimlisha Baba uji. Nusu unaingia, nusu naupangusa. Nimekuwa hodari. Baada ya kijiko cha mwisho akajitahidi, shingo ikikaza, mpaka neno likatoka: "Ma-re-ka-ni?"

Nikamwambia hawakunichukua.

Aliinua mkono wake mzima polepole, akauweka kichwani kwangu. Ulikuwa mzito. Ukakaa pale muda mrefu. Kisha akasema, vipande vipande, kama mtu anayepandisha mzigo ngazini: "Mwa-ka-ni."

Nililia, na yeye akalia kwa jicho moja. Mama alikuwa dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba akaniita kwa jina langu, nije nichukue maji.

Mwakani! Baba mwenyewe kasema! Nikakaa chini kufikiri kwa utulivu, bila papara za mwaka jana. Kosa langu liko wazi sasa. Kifo ni kitu cha kawaida mno, kila mwombaji anacho. Halafu kifo kinakwisha, mtu anazikwa, msomaji anageuza ukurasa. Lakini baba asiyeweza kushika kijiko, na mwana anayemlisha kila asubuhi kabla ya kazi! Hilo halikwishi. Tena ni kweli, neno kwa neno. Hakuna atakayekodi basi. Nimeandika sentensi ya kwanza bila kufuta hata neno moja. Nitamwomba Araba aipitie kabla hajasafiri.

Jioni mtaalamu wa viungo alikuja kumkunja Baba mguu na kuukunjua. Amefurahishwa sana. Amesema nguvu zinarudi, na tukianza mazoezi ya kila siku wiki hii, huenda ikifika Desemba akatembea mwenyewe na kushika kijiko chake.

Desemba. Kabla tu ya mwisho wa kutuma maombi.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamshukuru sana, nikamwuliza kama kuna ubaya wowote mazoezi yakianza Januari.